PUA INAYOZIBA UPANDE MOJA: UKUTA WA PUA ULIOPINDA NA MATUNZO YAKE



Mara hii tunataka kuzungumza juu ya pua. Musicheke. Pua iko katikati ya uso, kila mutu anaiona, lakini ni wachache wanaojua ndani yake muko nini. Tunaifikiri tu siku inapoziba ao inapotoka damu.

Habari hii ilianza katika chumba cha kulala. Tuko na mwenzetu moja, hatutataja jina lake. Usiku anakoroma sana. Sisi watu wa Kindu tunajua vizuri sauti ya gari la moshi, basi wenzake walimupa jina la Gari la Moshi. Wengine walimutupia viatu gizani. Katika kalasi anasinzia saa ya tatu ya asubuhi, na kinywa chake kiko wazi, hata walimu wengine walifikiri ni uvivu. Katika kwaya hawezi kushika sauti ndefu, pumzi inamukatikia. Wakati wa mapumuziko mujomba wake akamwambia: «Wewe, ni kilimi kinakusumbua. Twende wakikate.» Mwenzetu aliogopa. Akarudi masomoni, akatuuliza: «Wandugu, nikatwe ao nisikatwe?»

Hatukujua kumujibu. Ndiyo maana tulikwenda kuuliza munganga, tukasoma vitabu, na leo tunawapa yale tuliyopata.

1. PUA IMEJENGWA NAMNA GANI?

Pua ni sawa nyumba ya vyumba viwili. Katikati ya vyumba kuko ukuta moja. Kwa Kifaransa unaitwa cloison nasale, na kama siku moja unaona maneno haya kwenye karatasi ya hopitali, ujue wanasema juu ya ukuta huu.

Ukuta huu haukujengwa na kitu kimoja. Upande wa mbele ni mufupa laini. Shika sikio lako, ulikunje, uliache: linarudi pahali pake. Mufupa laini wa pua ni wa namna ile ile. Upande wa nyuma ni mifupa miwili migumu. Moja inashuka kutoka juu, karibu na chini ya ubongo, inaitwa etmoide. Ingine iko chini, inaitwa vomeri. Neno hili ni la Kilatini, maana yake ni chuma cha jembe la kukokotwa na ngombe, kwa sababu umbo lake linafanana nalo. Juu ya ukuta wote, pande mbili, kumefunikwa ngozi nyembamba yenye maji na damu mingi.

Sasa kumbukeni jambo hili, kwa sababu tutarudia: mufupa laini hauna mishipa ya damu yake mwenyewe. Chakula chake kinatoka katika ile ngozi inayoufunika. Ngozi ikiachana nao, mufupa laini unakaa na njaa.

Kwenye kuta za inje za kila chumba kuko nyama tatu zilizokunjika sawa majani. Kazi yao ni kupasha upepo joto na kuupatia maji. Nyama hizi zinaweza kuvimba na kupunguka.

2. KAZI YA PUA NI NINI?

Mutu mukubwa anavuta karibu litre 10.000 za upepo kila siku. Upepo ule uko na vumbi, moshi wa makala, na vijidudu. Wakati wa kiangazi, magari na pikipiki zinapopita, ninyi wenyewe munaona rangi ya kitambaa mukijifuta pua. Pua inashika vumbi lile, inapasha upepo joto, inaulainisha kwa maji, kisha inaupeleka kwa mapafu. Kinywa hakiwezi kufanya kazi hii vizuri. Mutu anayepumua kwa kinywa usiku mzima anaamuka na koo kavu, midomo kavu, na harufu mbaya ya kinywa.

Tena pua inatusaidia kula. Ladha mingi ya chakula inatoka katika harufu. Siku uko na mafua, sombe na samaki wa Lualaba vinakuwa sawa karatasi.

Kuna kitu kingine cha kushangaza. Hata katika mutu muzima kabisa, matundu mawili ya pua hayafanyi kazi sawasawa. Tundu moja linafunguka zaidi kwa saa kadhaa, lingine linapumuzika, kisha yanabadilishana. Mufanye jaribio: mushike kioo kidogo chini ya pua, mupumue polepole. Mutaona mawingu mawili juu ya kioo. Mara nyingi moja ni kubwa kupita lingine. Mutazame tena kisha saa nne ao tano, pengine ile ndogo imekuwa kubwa. Basi usikimbie kusema «pua yangu imepinda» kwa sababu tundu moja limeziba leo asubuhi. Lakini kama ni upande ule ule tu, siku zote, mwezi kwa mwezi, hapo kuko neno.

3. UKUTA UNAPINDA JUU YA NINI?

Kwanza tujue kwamba ukuta ulionyooka kabisa si wa watu wengi. Zaidi ya nusu ya watu wako na ukuta uliokwenda kidogo upande, na hawana taabu yoyote. Hiyo si ugonjwa. Inakuwa shida tu wakati unafunga njia ya upepo.

Ukuta unapinda kwa njia tatu:

(a) Mutoto anazaliwa nao, ao pua inabanwa wakati wa kuzaliwa.

(b) Pua inakua vibaya. Mifupa ya uso inaongezeka miaka yote ya utoto, na ukuta ukiongezeka haraka kupita nyumba yake, unapinda ndani.

(c) Pua inapigwa. Kiwiko katika mupira, ngumi, kuanguka kutoka muti wa maembe, baiskeli, pikipiki. Mara nyingi mutoto anaanguka akiwa na miaka tano ao sita, analia, anasahau, na shida inaonekana kisha miaka kumi. Wazazi hawakumbuki tena.

Katika jambo hili hakuna laana wala uchawi. Mufupa ulikwenda upande, basi.

4. DALILI ZAKE

- Pua inaziba upande moja kupita mwingine, bila kubadilika.
- Kupumua kwa kinywa, zaidi usiku ao katika mchezo.
- Kukoroma.
- Damu ya pua mara kwa mara. Pahali ukuta umetokeza, upepo unapiga pale, ngozi inakauka na kupasuka.
- Kichwa ao uso kuuma, na mafua yasiyoisha kwa watu wengine.
- Kusikia harufu kidogo tu.

Wakati mwingine mutu analalamika kwamba upande ulio wazi ndio unaoziba. Inawezekana. Katika chumba kikubwa zile nyama tatu zinavimba ili kujaza nafasi, na mwisho pande mbili zote zinakuwa na shida.

Munganga anatambua namna gani? Anatumia taa na chuma kidogo cha kufungua tundu la pua, anatazama. Mara nyingi hiyo inatosha kuona upande wa mbele. Munganga wa masikio, pua na koo, yule wanayeita ORL, iko na bomba jembamba lenye taa la kutazama mpaka nyuma. Picha ya skana inafanywa tu kama anafikiri kuko ugonjwa mwingine. Picha ya radio ya kawaida haisaidii sana kwa ukuta huu, basi usiuze mbuzi kwa ajili yake mbele ya kuuliza vizuri.

5. PUA IKIPIGWA: HATARI YA DAMU ILIYOFUNGWA

Ndugu, kama munasahau yote mengine, musisahau sehemu hii.

Mutoto anapigwa kiwiko uwanjani. Damu inatoka. Tunafanya nini? Wengi wanamwambia: «Inua kichwa juu!» Ni kosa. Damu inashuka katika koo, anaimeza, anatapika, ao inamukaba. Njia nzuri ni hii: akae kitako, ainamishe kichwa mbele kidogo, apumue kwa kinywa, afinye na vidole viwili ile sehemu laini ya pua, chini ya mufupa, kwa dakika 10 mpaka 15 bila kuachia. Musiachie kila dakika kutazama kama imekwisha. Kama nyuma ya kufanya hivi mara mbili damu ingali inatoka, mumupeleke kwa waganga.

Damu imekatika. Wote wanafurahi, wanarudia mupira. Lakini pengine damu ingine imebaki ndani, katikati ya ngozi na mufupa laini wa ukuta. Haitoki inje. Hakuna anayeiona. Sasa kumbukeni yale tuliyosema: mufupa laini unakula kutoka katika ngozi. Damu ikiwatenganisha, mufupa hauna chakula. Kisha siku tatu ao ine unaweza kufa. Vijidudu vikiingia katika damu ile, inageuka usaha, na homa inapanda. Usaha wa pua uko karibu na ubongo, si jambo la kuchezea. Na mufupa ukifa, pua inaanguka katikati, sawa paa la nyumba lililovunjika muti wake wa juu. Kuitengeneza kisha hapo ni kazi ngumu sana.

Dalili za damu iliyofungwa ni hizi: siku ile ile, ao siku ya pili ao ya tatu, pua inaziba sana, mara nyingi pande mbili pamoja. Inauma zaidi pahali pa kupunguka. Ukitazama ndani na taa, unaona kitu chekundu ao cha rangi ya zambarau kimevimba kwenye ukuta, laini sawa ndizi iliyoiva. Homa ikikuja, hatari imekwisha kuingia.

Dawa yake si vidonge vya maumivu, wala maji ya moto, wala kungoja. Munganga anapasua pahali padogo, anatoa damu, anaweka kitambaa ili ngozi ishikamane tena na mufupa, na anatoa dawa za kuua vijidudu. Kazi hii haingoji munganga wa ORL wa muji mukubwa. Munganga wa hopitali kubwa anaweza kuifanya, na inafaa kufanywa siku ile ile.

Basi tunashauri hivi: mwanafunzi yeyote aliyepigwa pua kwa nguvu atazamwe na munganga siku ile, na atazamwe tena siku ya pili ao ya tatu, hata kama anasema «niko muzima». Tena, kama nyuma ya kupigwa kichwa maji meupe sawa maji ya kunywa yanatiririka puani, ao anasinzia sana, ao anatapika, musingoje hata saa moja.

Na mufupa wa pua uliovunjika na kwenda upande? Unaweza kurudishwa bila kupasua, lakini mbele ya wiki mbili kuisha, na kwa watoto mbele ya wiki moja. Kisha hapo umeshikamana. Nani anarudisha? Munganga. Si rafiki yako mwenye mikono ya nguvu. Kuko wanaoshika pua ya mwenzao na kuivuta, eti wanainyoosha. Wanaongeza jeraha tu.

6. SI KILA PUA INAYOZIBA IKO NA UKUTA ULIOPINDA

Hapa munganga alitukaza sana. Alisema: «Wanangu, musisome ugonjwa moja na kuuona kwa kila mutu.» Akatuonyesha mambo mengine:

- Mafua ya vumbi, moshi, ao mambo mwili unayokataa. Mutu anapiga chafya, pua inawasha, macho yanatoka machozi.
- Nyama nyuma ya pua, zaidi kwa watoto. Zikiwa kubwa, mutoto anakoroma na kupumua kwa kinywa.
- Mutoto mudogo aliyeingiza punje ya muhindi ao karanga puani. Usaha wenye harufu mbaya unatoka tundu moja tu.
- Nyama laini zinazoota ndani ya pua, pande mbili.
- Ukoma. Unaweza kuziba pua, kutoa damu, na hata kuharibu ukuta. Kama pamoja na pua kuko mabaka ya ngozi yasiyosikia kitu, mwende kwa waganga bila haya. Dawa ya ukoma iko, inaponyesha, na haiuzwi, ni bule.
- Kwa mutu mukubwa, upande moja unaoziba zaidi na zaidi, na damu kidogo kidogo, pengine ni uvimbe mubaya. Asikae nyumbani.

7. NA KILIMI?

Sasa tunafika kwa ulizo la mwenzetu. Kilimi ni kile kinyama kinachoninginia nyuma ya kinywa, juu ya ulimi. Katika sehemu mingi za Kongo ya mashariki, na katika inchi jirani, watu wanakikata wakisema kinaleta kikohozi, kutapika kwa watoto wachanga, ao koo kuuma.

Tufikiri na akili yetu. Kilimi kiko katika kinywa. Ukuta uliopinda uko katika pua. Ukikata kilimi, ukuta utanyooka namna gani? Ni sawa mutu mwenye mulango wa mbele uliokwama, akaenda kubomoa dirisha la jikoni. Na kukata kwenyewe kunaleta hatari: damu isiyokatika, usaha wa koo, pepopunda, na magonjwa ya damu kama ukimwi ao ya ini, kwa kisu kilichotumiwa kwa wengi. Watoto wengine wamekufa kwa hiyo.

Hatusemi haya ili kuzarau wazee. Mujomba aliona mutoto wake anataabika, akataka kumusaidia kwa njia aliyoijua. Upendo wake ni wa kweli. Lakini njia hii si ya kweli.

8. MATUNZO BILA KUPASUA

Hakuna dawa ya kunyoosha mufupa. Atakayekuuzia vidonge ao mizizi ya kunyoosha ukuta wa pua, anakula feza yako bule. Lakini dawa zinaweza kupunguza uvimbe wa ngozi na zile nyama, na njia ya upepo ikapanuka. Kwa watu wengi inatosha.

Ya kwanza, maji ya chumvi. Chemusha maji vizuri kwa dakika kadhaa, uyaache yapoe katika chombo safi kilichofunikwa. Katika litre 1 tia kijiko kidogo cha chai 1 na nusu cha chumvi. Inama juu ya beseni, ingiza maji polepole katika tundu moja, yatoke kwa lingine, ukipumua kwa kinywa. Maji ya mutoni ao ya kisima bila kuchemushwa, hapana. Yanaweza kupeleka vijidudu vibaya ndani ya pua.

Ya pili, dawa ya kupuliza puani ya jamii ya kortizoni, kwa agizo la munganga. Haifanyi kazi siku ile ile. Inaomba wiki kadhaa, kila siku, na ukipuliza uelekeze ncha upande wa sikio, si upande wa ukuta, ili ukuta usitoke damu.

Ya tatu, kwa wale wenye kupiga chafya juu ya vumbi, dawa za kupunguza mambo hayo, tena kuosha mashuka na kuanika godoro juani.

Ya ine ni onyo. Kuko matone ya farmasi yanayofungua pua kwa dakika chache. Ni mazuri kwa siku tatu, sana sana tano. Ukiendelea, pua inayazoea, na kila yanapoisha inaziba kupita mbele. Mutu anakuwa mutumwa wa chupa. Tunawajua wanaotembea na chupa ile mufukoni mwaka mzima.

Ya tano, kulala kwa upande, kuinua kichwa kidogo kwa muto, na kukimbia moshi wa jiko na wa sigara.

9. KUPASULIWA

Kama dawa zilitumiwa vizuri kwa miezi kadhaa na taabu ingali ile ile, munganga wa ORL anaweza kuomba kupasua.

Zamani waganga walikata tu na kutupa. Mwaka 1902 Otto Freer wa Chicago, na mwaka 1904 Gustav Killian wa Ujeremani, walionyesha njia ya kuinua ngozi kwanza, kisha kutoa mufupa uliopinda chini yake, na kurudisha ngozi. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini ukitoa ukuta mwingi sana, paa linakosa nguzo, na pua inaweza kuanguka ao kutoboka. Kutoka miaka ya 1940 Maurice Cottle, yeye pia wa Chicago, na wenzake, walifundisha kutengeneza zaidi kuliko kutupa: kunyoosha kile kinachoweza kunyooshwa, kutoa kidogo tu, na kuacha nguzo ya juu na ya mbele. Ndiyo njia ya siku hizi.

Mugonjwa analazwa usingizi, ao anachomwa shindano la kuua maumivu pahali pale tu. Munganga anapasua ndani ya tundu, na usoni hakubaki alama. Anainua ngozi, ananyoosha mufupa, anarudisha ngozi, anashona. Kazi inachukua karibu saa moja, wakati mwingine zaidi. Wengi wanarudi nyumbani siku ile ao kesho yake. Kwa wiki moja ao mbili pua inaziba na kuvuja kidogo. Mutu asipenge kwa nguvu, asibebe mizigo, na mupira usubiri wiki kadhaa mpaka munganga aruhusu.

Hatari ziko, si mingi, lakini tusizifiche: damu, usaha, tundu katika ukuta, meno ya juu kukosa kusikia kwa muda, umbo la pua kubadilika kidogo, na wengine hawaoni tofauti. Tena, kukoroma kunaweza kubaki, kwa sababu kukoroma kunatoka sana katika koo.

Je, kupasua kunasaidia kweli kupita dawa? Kwa miaka mingi waganga walibishana. Kisha wakapima. Uholanzi walitazama watu wazima 203 katika hopitali 18, wakatangaza matokeo mwaka 2019. Uingereza walitazama watu wazima 378 katika hopitali 17, wakatangaza mwaka 2023. Nusu walipasuliwa, nusu wakatunzwa bila kupasuliwa. Katika inchi zote mbili waliopasuliwa walipumua na kuishi vizuri zaidi. Lakini angalieni: watu hawa walichaguliwa kwa sababu pua zao zilikuwa na taabu kweli. Haimaanishi kwamba kila ukuta uliopinda upasuliwe.

Kwa kijana, waganga kwa kawaida wanangoja mpaka uso umalize kukua, karibu miaka 16 mpaka 18. Wanapasua mbele ya hapo tu kama taabu ni kubwa sana.

10. KWETU HAPA JE?

Tuseme ukweli. Waganga wa ORL ni wachache katika Afrika yetu, na katika Kongo wanapatikana zaidi katika miji mikubwa kama Kinshasa na Lubumbashi. Kutoka Kindu, ni ndege ao njia ndefu. Bei ya safari na ya kukaa kule inaweza kushinda bei ya kazi yenyewe.

Kwa hiyo jiulize kwanza: Pua hii inanizuia nini? Nimejaribu dawa vizuri, kila siku, kwa miezi? Munganga amenitazama na kusema ni ukuta kweli? Kama majibu ni wazi, basi jamaa inaweza kuweka feza kidogo kidogo, na kuuliza mbele ya kusafiri kama munganga yuko na bei ni gani. Shida hii haiui. Inaweza kungoja mwaka. Ile isiyongoja ni damu iliyofungwa, na ile inatunzwa hapa hapa.

11. MWISHO WA HABARI YA MWENZETU

Mwenzetu alikwenda kutazamwa, na sisi wawili tulimusindikiza. Munganga aliingiza taa, akatazama, akasema: «Mwanangu, uliwahi kuanguka?» Mwenzetu akasema hapana. Kisha akakumbuka: alianguka kutoka baiskeli ya baba yake, alikuwa kalasi ya kwanza. Ukuta ulikwenda upande wa kushoto. Kilimi chake kilikuwa kizima kabisa.

Alipewa dawa ya kupuliza, na maji ya chumvi asubuhi na mangaribi. Mwezi wa kwanza aliona mabadiliko kidogo, akataka kuacha. Tulimukataza. Mwezi wa pili alilala vizuri zaidi. Angali anakoroma, musifikiri ni muujiza, lakini ni gari la moshi la mbali sasa, lile linalopita ngambo. Katika kalasi hasinzii tena kila siku. Atatimiza miaka 18 mwaka kesho kutwa, na wakati ule yeye na jamaa yake watakata shauri kama apasuliwe.

Mujomba wake alisikiliza barua ya munganga mpaka mwisho. Akauliza tu: «Kwa hiyo kisu hakihitajiki?» Mwenzetu akamujibu: «Hapana mujomba, kwa sasa chumvi tu.» Mujomba akacheka, na yeye ndiye anayemununulia chumvi.

Nasi tuliomutupia viatu, tumwombe musamaha. Tulidhani anatusumbua, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitafuta upepo usiku kucha.

MUKATE KIPANDE HIKI, MUKIBANDIKE KARIBU NA UWANJA:

1) Damu ya pua: kaa, inama mbele, finya dakika 10 mpaka 15.
2) Pua iliyopigwa: itazamwe siku ile, na tena siku ya pili ao ya tatu.
3) Pua ikiziba pande mbili nyuma ya pigo: hopitali leo, si kesho.
4) Usivute wala kunyoosha pua ya mwenzako.
5) Matone ya kufungua pua: siku tatu, si miezi mitatu.
6) Kilimi kiache pahali pake.

Mwenye ulizo alete kwa wenye kuandika gazeti, tutalipeleka kwa munganga na kurudisha jibu. Mukae na pumzi nzuri!